Mzaha wa Mkasi

Spika ya mahakama ilikuwa mbovu, na aliyeteseka kuliko wote mle ndani nilikuwa mimi. Wakili wa hospitali alikuwa ameinamia kompyuta yake, anachomeka waya, anauchomoa, anauchomeka tena, na kila mara spika ilikoroma kama mtu aliyekatizwa usingizi. Waya haukuwa umeingia hadi mwisho. Niliona kutoka benchi la nyuma. Kazi yangu ilikuwa mitambo ya sauti, na vidole viliniwasha kwenda kuusukuma. Lakini nilikuwa binti wa mdai, na binti wa mdai hamtengenezei mpinzani spika ili amzike mama yake kwa sauti safi.

"Samahani, mheshimiwa," alisema wakili, akijifuta jasho.

Alikuwa mpana wa mabega, na koti lake jeusi lilisimama mwilini kana kwamba limepigiliwa misumari. Mama alikwisha kumpa jina tangu siku ya kwanza: Bwana Kabati.

Hatimaye sauti ikatoka. Kwanza makelele ya ukumbi, vijiko vikigonga bilauri, mtoto akililia kitu mbali. Kisha mama yangu akatokea ukutani, mkubwa kuliko jaji, amevaa gauni la kijani linalometameta, kipaza sauti mkononi kama kidole cha sita.

"Jamani, msinione nimenenepa mkadhani ni raha," alisema mama wa ukutani. "Mwaka jana nilipasuliwa. Nilipozinduka nikamsikia daktari anamuuliza nesi, umeuona mkasi wangu? Nesi anasema sijauona. Nikanyamaza kimya. Mkasi wa bure, niuseme wa nini? Kwa hiyo maharusi, keki ikikataa kukatika, ileteni hapa niilalie."

Ukumbi ule wa ukutani ulivunjika mbavu. Bibi harusi alificha uso kwenye bega la mumewe. Hata mle mahakamani, karani alijiziba mdomo kwa faili na mabega yake yakaanza kucheza. Jaji hakucheka. Aliandika.

Mama wa kweli alikuwa amesimama kizimbani, amevaa sketi ya kahawia aliyochaguliwa na wakili wetu, mikono ameikunja mbele kama mtoto anayesubiri kuadhibiwa.

"Huyo ni wewe?" aliuliza Bwana Kabati.

"Ndiyo."

"Na harusi hiyo ilikuwa mwaka mmoja baada ya upasuaji wako?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo, mbele ya ukumbi mzima, kwa kinywa chako mwenyewe, ulisema daktari amesahau kitu tumboni mwako."

Kesi yetu yote ilikuwa imening'inia kwenye jibu la swali hilo. Kama mama alijua siku ile ya harusi kwamba ana kitu tumboni, basi miaka mitatu ambayo sheria humpa mtu kufungua madai ilianza kukimbia siku ile, na ilikwisha zamani. Faili lingefungwa, na hakuna ambaye angeuliza tena kitambaa cha hospitali kilifikaje ndani ya mama yangu.

*

Mjini walimwita Kipaza. Alikuwa mshereheshaji wa harusi, na nisimsifie kwa kuwa ni mama yangu: watu walikuwa wakipanga tarehe zao za ndoa kwa kufuata nafasi zake. Mimi nilikaa nyuma ya mitambo, mjomba wangu, mdogo wake mama, aliendesha gari la vyombo na kupiga picha za video, na mama alifanya mambo mengine yote, pamoja na kutugombeza. Stashahada yangu ya mambo ya sauti ilining'inia sebuleni, na kila mgeni aliyeiuliza alijibiwa na mama kwamba binti yake amesomea kubonyeza.

Alipasuliwa kuondolewa uvimbe kwenye kizazi. Alilala hospitalini siku chache, akarudi nyumbani, akapumzika kwa shida maana hakujua kupumzika, kisha akarudi ukumbini. Lakini alirudi na maumivu. Yalikuja chini ya kitovu, upande wa kushoto, bila kupiga hodi. Nilijifunza kuyaona kwa mbali. Akiwa katikati ya maneno, mkono wake wa kushoto ulikuwa ukishuka taratibu na kukamata ukingo wa meza ya keki, nami nilipandisha muziki hapohapo. Wageni walidhani ni mpango wetu. Walikuwa wakisimama kucheza, mama akikaa nyuma ya spika, akinywa maji, akifunga macho, na wimbo ulipokwisha alisimama akiwa mtu mpya.

Alikwenda kutibiwa, si mara moja. Walimwambia ni gesi. Walimwambia ni makovu yanajishika. Mmoja alimwambia ni umri, naye mama hajamsamehe hadi leo.

Miaka ikaenda hivyo. Kisha mteja mmoja, mama wa bibi harusi, alimwona ameshika meza, akamkokota kwenye hospitali nyingine kabisa, ya upande wa pili wa mji. Huko daktari wa kike mwenye sauti ndogo alimpiga picha ya tumbo, akaitazama, akaitazama tena, akatuzungushia kioo tuone. Palikuwa na kitu kilichokunjamana, cheupe, kama karatasi iliyotupwa kwenye kona ya chumba.

Walipokitoa kilikuwa kitambaa cha kufyonzea damu, saizi ya leso. Mama alipozinduka, jambo la kwanza alilouliza lilikuwa hili:

"Si mkasi?"

"Si mkasi, mama," alisema daktari.

"Afadhali," alisema mama, akalala tena.

Nakumbuka miezi iliyofuata kama mtu anavyokumbuka likizo. Mama alirudisha mashavu. Alianza kucheza mwenyewe zile nyimbo nilizokuwa nikizipandisha ili kumficha, na mjomba alilalamika kwamba sasa hakuna mtu wa kumsaidia kupakia vyombo, kila mtu yuko katikati ya ukumbi anatingisha mabega. Aliweza kulala kifudifudi. Alitupigia simu kutuambia. "Nimelala kifudifudi," alisema, akakata.

Ndipo akasema anataka waliomfungia kile kitambaa waseme ni chao.

"Dada, umepona," alisema mjomba. "Unataka nini tena?"

"Mtu akisahau mwamvuli kwangu, hurudi kuuchukua, na husema samahani nilisahau. Nataka hilo tu. Na fidia kidogo ya kumtunzia."

Tuliwaandikia. Majibu yalikuja kupitia kwa Bwana Kabati, na hayakusema kitambaa si chao. Hayakusema lolote juu ya kitambaa. Yalisema madai yamepitwa na muda.

Mama aliyasoma amesimama mlangoni. "Mimi nimechelewa?" alisema. "Mimi? Harusi ngapi nimefika ukumbini kabla ya viti?"

Nadhani ni hapo kesi ilipoanza hasa. Angevumilia kuambiwa muongo. Kuambiwa amechelewa, hapana.

*

Wakili wetu alikuwa na ofisi juu ya duka la viatu, ngazi za chuma, feni moja iliyofanya kazi kwa upande mmoja. Alikuwa rika langu. Aliongea kwa utaratibu, kama mtu anayepanga vikombe vya kuazima.

"Sheria inakupa miaka mitatu, mama. Kwa kawaida huanza kuhesabiwa siku ya upasuaji. Kwa hesabu hiyo, tumechelewa."

"Usilitumie neno hilo."

"Lakini kuna mlango wa pembeni. Kama hukujua kuna kosa, na ukafanya bidii ambayo mtu wa kawaida angefanya ili ajue, na bado usingeweza kujua, basi saa inaanza siku uliyojua. Yaani siku ya ile picha ya tumbo. Kwa hesabu hiyo tuko ndani ya muda, tena vizuri."

Mama alifikiri. "Kwa hiyo mali yangu katika kesi hii ni ujinga wangu."

"Ndiyo, mama. Nami nitautetea ujinga wako kwa nguvu zangu zote."

Mama alimpenda palepale. Ila wakili alikuwa na sharti moja. Alikwisha kuiona ile video, nani hakuiona? Mjomba ndiye aliyeipiga, mama ndiye aliyeiweka kwenye ukurasa wake wa matangazo, na ilikuwa imemletea wateja kuliko kitu kingine chochote. Hospitali nayo ilikuwa na simu na macho. Wangeileta tu.

"Kwa hiyo kuanzia leo," alisema wakili, "mbele ya jaji hakuna mzaha. Hata mmoja. Ukitania kizimbani, tayari umewapa wanachokitaka. Ndiyo na hapana, basi. Na hapa ofisini vilevile, ili tuzoee. Chochote kilichokuwa utani, usinieleze. Nieleze mambo ya kweli."

Tulifanya mazoezi sebuleni kwetu. Mjomba alijifunga pazia la dirishani akawa jaji, akaketi kwenye kiti kirefu cha jikoni, akakunja uso.

"Mdai," alisema kwa sauti ya pangoni, "una la kusema kabla sijakuhukumu?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Naomba pazia langu, jirani anatuona."

Mimi nilianguka kwenye kochi. Mjomba alitikisika hadi pazia likamvuka. Wakili hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Hapo," alisema, "ndipo tutakapofia."

Basi mama akajifunza. Ndiyo. Hapana. Sikumbuki. Alizunguka nyumbani akiyasema kama mtu anayemeza dawa, na ilikuwa kazi ngumu kuliko kupasuliwa. Siku moja muuza mkaa alimuuliza kama atachukua gunia zima, mama akamjibu, "Sikumbuki, mheshimiwa."

*

Ndivyo alivyofika kizimbani, amefungwa mdomo kwa heshima zote, mbele ya picha yake mwenyewe inayometameta ukutani.

"Mama, hebu nijibu," alisema Bwana Kabati. "Huo ulikuwa mzaha?"

"Ndiyo."

"Lakini mzaha hauanguki kutoka darini. Ungeweza kutania uzito wako bila daktari. Ungeweza kutania bei ya viatu. Kwa nini ulichagua daktari aliyesahau mkasi, kama hukuwa na wazo lolote kwamba amesahau kitu?"

Swali hilo halikuwa na ndiyo wala hapana. Mama alimtazama wakili wetu. Wakili alitikisa kichwa kidogo, kidogo sana. Mama akarudisha macho kwa jaji. Ukimya ukaanza kuwa mrefu, na mimi kwa kazi yangu naujua ukimya. Huu ulikuwa unatuponza.

"Mdai ajibu," alisema jaji. Alikuwa mwanamke wa makamo, sauti yake kavu kama tosti. "Ajibu kwa njia yake."

"Mheshimiwa," alisema mama, "mzaha ukielezwa unakufa."

"Mahakama itavumilia msiba huo."

Sijui kama jaji alitania. Nimejiuliza kwa miaka. Lakini niliona mabega ya mama yakishuka, mikono ikafunguka, na kwa mara ya kwanza siku ile akasimama kama anavyosimama.

"Mimi sitanii jambo la kweli," alisema. "Hiyo ndiyo kazi yangu yote, mheshimiwa. Watu wanadhani kazi yangu ni kusema. Kazi yangu ni kuuliza. Kabla ya harusi naenda kwa bwana harusi, naenda kwa bibi harusi, nakaa na wazazi, nawaambia: nipeni kweli zenu zote, nisije nikazikanyaga. Wananiambia. Huyu kafukuzwa kazi. Huyu alikuwa na mchumba mwingine. Huyu mzee na huyu mzee hawasemezani. Yote nayaweka pembeni, siyagusi. Yanayobaki, yale ya uongo, ndiyo yangu."

Ni kweli tupu. Nilikuwa nikienda naye. Zile alasiri za kuuliza ndizo nilizozipenda kuliko harusi zenyewe: mama amevua viatu, amejikunja kwenye kochi la watu asiowajua, na baada ya kikombe cha pili baba wa bibi harusi anamweleza mambo ambayo mkewe mwenyewe ndiyo kwanza anayasikia. Mara moja tulitoka nyumba fulani, mama akasema kwa huzuni, "Familia hii ina kweli nyingi mno. Sijui kesho nitaongea nini." Harusi ile alitania hali ya hewa kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyejua kwa nini.

"Harusi hiyohiyo ya video," aliendelea mama, "nilimwita bwana harusi mkono wa birika. Ameilipia harusi yote peke yake, kila mtu mle ndani alijua, ndiyo maana walicheka. Nilisema bibi harusi anaunguza maji. Bibi harusi ni mpishi wa hoteli. Ukimwita bahili mtu aliye bahili, mheshimiwa, huo si mzaha. Hayo ni masengenyo yenye kipaza sauti."

Karani alirudi nyuma ya faili.

Bwana Kabati alitabasamu. Alidhani ameona mwanya, na tumtendee haki, ulionekana hasa kama mwanya. "Vizuri sana, mama. Unachunguza kwanza. Unahakikisha jambo si la kweli, ndipo unalitania. Je, na hili la tumbo lako ulilichunguza?"

"Ndiyo."

"Ulilichunguza?"

"Nilienda kuuliza. Nisingejiruhusu mwenyewe kitu nisichowaruhusu wengine."

"Ulimuuliza nani?"

"Yule pale."

Alinyoosha mkono kwenye benchi la upande wa hospitali. Daktari aliyempasua alikuwa ameketi mwisho kabisa, mtu mwembamba mwenye mvi masikioni. Walimleta aseme kwamba mgonjwa alionywa arudi akisikia maumivu. Aliinua kichwa taratibu.

"Nilirudi kwake kwa sababu ya maumivu," alisema mama. "Kabla ya harusi hiyo. Alinipima, akasema ni makovu. Nikamwambia, daktari, una hakika hukusahau kitu humu ndani, hata mkasi? Akacheka sana. Nikamwambia, usicheke, nijibu. Akanijibu. Akasema, mama, kila kitu huhesabiwa kabla ya kuingia na huhesabiwa baada ya kutoka, na vyako vilitimia."

Hakuna aliyekuwa akicheka sasa, na alionekana hajali.

"Nilitoka pale nimepona nusu. Nikasema, basi, hili ni la uongo, naweza kulitumia. Kama angesitasita, hata kidogo, nisingeligusa hadi leo. Niliutoa mzaha ule kwa sababu nilimwamini." Akamgeukia Bwana Kabati, kwa upole kabisa. "Na ningejua kilichomo, baba, ningejua ni kitambaa. Nilisema mkasi."

Wakili wetu alikuwa ameacha kuandika. Kalamu yake ilisimama hewani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetafuta ufunguo nyumba nzima akaukuta mlangoni.

*

Daktari alipandishwa kizimbani alasiri ileile. Bwana Kabati alimuuliza maswali yake ya maonyo na maumivu, kisha wakili wetu akasimama na swali moja tu. Je, mgonjwa aliwahi kukuuliza kama umesahau kitu?

Daktari angeweza kusema hakumbuki. Naomba hilo lieleweke. Wagonjwa wangapi wamepita mikononi mwake? Pale kizimbani, neno "sikumbuki" lilikuwa bure, na wakili wake alikuwa akimtazama kwa macho ya kumkumbusha hivyo.

"Nakumbuka," alisema daktari. "Wiki ile ilikuwa mbaya kwangu. Yeye peke yake ndiye aliyenichekesha."

"Ukamjibu nini?"

"Kama alivyosema. Kwamba tulihesabu, na vilitimia." Akaushika ukingo wa kizimba. "Ndivyo nilivyoambiwa kabla ya kushona. Niliiamini hesabu ile, kama yeye alivyoiamini. Haikuwa sahihi. Ni chetu."

Bwana Kabati alisimama kupinga, kwamba swali la leo ni la muda tu, wala si la kitambaa ni cha nani. Jaji akakubaliana naye, akasema maneno yale ya mwisho hayatazingatiwa. Haidhuru. Mama aliyazingatia. Nilimwona akifumba macho na kuvuta pumzi ndefu, pumzi iliyoshuka hadi chini ya kitovu bila kukutana na kitu njiani.

Kwenye korido, wakili wetu alimshika mama mabega yote mawili.

"Kwa nini hukuniambia? Miezi yote hii. Hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Uliuliza, ukajibiwa na daktari mwenyewe. Bidii gani nyingine mtu angefanya?"

"Si ulisema utani nisikueleze," alisema mama. "Na nilimuuliza kwa utani."

Wakili aliegemea ukuta, akaanza kucheka. Sijapata kumwona mtu akicheka vile katika suti. Aliteleza na ukuta hadi akachuchumaa, faili zikamponyoka, miwani ikapanda kipajini. Mjomba alidhani tumeshindwa na mtoto wa watu ameshikwa na kichaa, akakimbia kutafuta maji. Daktari alitoka mahakamani wakati uleule, akatukuta hivyo. Alisimama hatua chache kutoka kwa mama, mikono hajui aiweke wapi.

"Shikamoo, mama," alisema, ingawa walikaribiana umri.

"Marahaba," alisema mama. "Una mtoto anayeoa karibuni?"

"Binti yangu. Mwakani."

"Basi nitakuja kuuliza," alisema mama. "Na safari hii utanijibu vizuri."

*

Uamuzi ulisomwa baada ya wiki kadhaa, asubuhi yenye mvua, mabati ya mahakama yakipiga kelele kiasi kwamba ningempa jaji kipaza sauti kama ningeruhusiwa. Tulikaa watatu kwenye benchi, mama katikati. Mjomba alikuwa amevaa tai. Wakili mbele yetu alikuwa na shingo ngumu kama mti.

Jaji alisoma kama alivyofanya kila kitu, kwa sauti kavu, bila kuinua macho. Alisoma tarehe ya upasuaji. Alisoma sheria inasema nini kuhusu ukomo wa muda, na mlango wa pembeni ambao wakili alituonyesha pale juu ya duka la viatu. Kisha akafika kwenye video, na kwa kuwa kumbukumbu za mahakama lazima zikamilike, akaisoma yote.

"Mdai alisema, kwa nia ya kuchekesha hadhira, kwamba alipozinduka alimsikia daktari akimuuliza muuguzi iwapo ameuona mkasi wake. Mdai alieleza zaidi kwamba alinyamaza kwa kuwa aliuchukulia mkasi huo kuwa mali aliyoipata bila malipo. Mdai alipendekeza kuilalia keki."

Ule mzaha ulikuwa umefika mwisho wa safari yake. Umeondoka ukumbini na gauni la kijani, umekuja kulazwa pale mezani kama samaki, nambari ya aya pembeni yake. Jaji aligeuza ukurasa.

Akasema mahakama imetafakari iwapo maneno hayo yanaonyesha kwamba mdai alijua. Akasema mtu anaweza kulisema jambo lililo kweli bila kulijua. Akasema mdai aliuliza, akajibiwa na mtu ambaye alikuwa na kila sababu ya kumwamini, na kwamba katika shauri hili mzaha ni ushahidi wa imani hiyo. Muda ulianza kuhesabika siku ya picha ya tumbo. Madai yako ndani ya muda, na yatasikilizwa.

Shingo ya wakili ililegea. Mjomba alinibana goti hadi likauma. Yaliyofuata yalikwenda haraka kuliko tulivyotegemea. Hospitali haikutaka kurudi pale, ilikubali kitambaa ni chake, ikalipa ilichopaswa kulipa, na siku ya kutia saini mama alifika kabla ya mlango kufunguliwa. Lakini hayo yalikuwa bado mbele yetu. Asubuhi ile, mvua ikipiga, nilimgeukia mama nikitegemea machozi, au walau mkono wake kutafuta wangu.

Mama alikuwa amekunja uso, anamtazama jaji kwa masikitiko ya fundi anayemwangalia mwenzake akipinda msumari. Akaniinamia sikioni.

"Umemsikia alivyousema mzaha wangu? Kabla ya mkasi," alininong'oneza, "alitakiwa kusubiri kidogo."